Mikono Mingine Ndani ya Chungu: Chakula cha Wamama Walatino Wahamiaji Katika Vijiji vya Marekani

Utangulizi

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tunaisikia kwenye matanga na kwenye ndoa, lakini zaidi sana tunaisikia mezani, wakati mzee anasukuma sahani pembeni na kuuliza juu ya nini wamama wa siku hizi hawapiki tena sawa vile mama yake alikuwa anapika. Kesi hiyo ni fupi, na mwenye kosa anajulikana mbele ya kusikilizwa: ni mama. Yeye ndiye ameacha kutwanga, yeye ndiye anatia mafuta mengi, yeye ndiye anawazoeza watoto sukari.

Katika insha hii nataka tuisikilize kesi hiyo upya, lakini kwa watu wa mbali, kusudi tuione vizuri bila hasira ya nyumbani. Nimechagua wamama Walatino waliohamia vijiji na miji midogo ya Marekani. Walatino ni jina wanalopewa huko watu wenye asili ya nchi za Amerika ambako kunasemwa hasa Kihispania: Meksiko, Guatemala, El Salvador, Honduras na nyingine. Wengi wao wametoka Meksiko, na njo hao nitawasema zaidi.

Msomaji ataniuliza: sisi Wakongomani tunahusika namna gani? Tunahusika kwa njia ya chungu. Mahindi ya bukari yetu, mihogo ya sombe, maharagwe, karanga, nyanya, pilipili na viazi vitamu, vyote vilitoka kwanza Amerika. Wareno ndio walioleta mengi katika pwani ya ufalme wa Kongo tangu karne ya 16, kisha yakapanda ndani ya nchi mkono kwa mkono. Kwa hiyo tukichungulia jikoni mwa mama wa Meksiko, tunachungulia fasi ambako chakula chetu kilizaliwa.

1. Mahindi na chokaa

Wajuzi wa mambo ya kale wanatuambia kwamba mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko, miaka karibu 9,000 iliyopita, kutokana na majani ya porini. Lakini kazi kubwa ya watu wa nchi ile haikuwa kulima tu. Walivumbua namna ya kuyapika. Mama anachemsha punje katika maji yenye chokaa ama majivu, anaziacha zilale usiku mzima, asubuhi anaziosha mpaka ganda linatoka, kisha anazisaga kwenye jiwe. Mahindi yaliyopita njia hiyo yanaitwa nishtamali. Kwa unga wake mbichi anafinyanga mkate mwembamba wa mviringo, tortiya, na kuuchoma juu ya kikaango kikavu. Tortiya ikikutana na maharagwe, maboga na pilipili, hapo chakula kimekamilika.

Chokaa ile inafanya nini? Ndani ya mahindi kuna vitamini moja inayoitwa niasini, lakini imefungwa, mwili hauwezi kuichukua. Chokaa inaifungua. Tena inaongeza kalisiamu inayojenga mifupa. Wamama wa Meksiko hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba bila chokaa mahindi hayashibishi mwili.

Wahispania walipopeleka mahindi Ulaya baada ya mwaka wa 1492, walichukua mbegu, wakaacha ujuzi. Matokeo yake yalikuwa ugonjwa wa pelagra: ngozi inaungua na kuchubuka, tumbo linaharisha, akili inapotea, na mwisho ni kifo. Daktari Gaspar Casal aliuandika kwa mara ya kwanza huko Hispania mwaka wa 1735. Uliwatesa maskini wa Italia ya kaskazini, kisha ukaingia kusini mwa Marekani. Huko, kati ya 1906 na 1940, watu karibu milioni 3 waliugua na karibu 100,000 walikufa. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza uchunguzi wake mwaka wa 1914, alionyesha kwamba siyo ugonjwa wa kuambukiza bali ni ugonjwa wa chakula cha kimaskini. Na wakati huo wote, katika vijiji vya Meksiko ambako watu walikula mahindi kuliko mahali pengine popote, pelagra ilikuwa haba.

Tusicheke Wazungu. Mihogo michungu nayo ilikuja kwetu kutoka Amerika, nayo inadai ujuzi wake: kuilowesha siku tatu hivi mpaka sumu itoke. Kule Kwango, daktari Trolli aliandika mwaka wa 1938 juu ya konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaofuata mihogo isiyoloweshwa vya kutosha. Baadaye, barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na biashara ya mihogo ikapata haraka, kuna vijiji vilivyopunguza siku za kulowesha, na ugonjwa ukaonekana tena.

Tushike neno hili, maana litatusaidia mpaka mwisho: mila ya chakula haikai ndani ya mbegu. Inakaa ndani ya mikono, na mikono inadai saa. Anayemnyang'anya mama saa zake amemnyang'anya mila yake, hata kama amemwachia gunia zima la mahindi.

Lakini tusimpambe mama wa zamani kupita kiasi. Kusaga kwenye jiwe kulikuwa mateso. Mwanamke alipiga magoti mbele ya jua kutoka. Vinu vya mota vilipofika vijijini katika karne ya 20, wamama walivipokea kwa furaha. Mwaka wa 1949 kampuni ya Gruma ilianza katika jimbo la Nuevo León kutengeneza unga mkavu wa nishtamali: unatia maji, unafinyanga, basi. Tena Meksiko yenyewe imekuwa moja kati ya nchi zinazokunywa soda nyingi sana duniani, mpaka serikali ikaanza kutoza kodi, ambayo mwezi wa Januari 2014 ilikuwa peso moja kwa lita. Kwa hiyo mama hakutoka kwao na mila safi kabisa akaichafua Marekani. Mabadiliko yalianza kwao, na mengine aliyachagua mwenyewe.

2. Njia walizopita

Walatino wa kwanza wa Marekani hawakuhama: mpaka ndio uliowahama. Baada ya vita, mkataba wa 1848 uliipa Marekani karibu nusu ya nchi ya Meksiko, na watu waliokuwa kwao California, New Mexico ama Texas walijikuta katika nchi ngeni bila kutembea hatua moja.

Wahamiaji wengi walifuata wakati wa mapinduzi ya Meksiko, tangu 1910. Wababa walijenga njia za reli. Familia nzima zilichukuliwa kulima beti za sukari katika Colorado na Nebraska. Mama alishinda shambani na watoto wake, na chungu kilisubiri jioni.

Kisha ukaja mpango wa Bracero, kuanzia 1942 mpaka 1964. Mikataba karibu milioni 4.6 ilitiwa sahihi ili Wameksiko waje kuvuna mashamba ya Marekani. Mpango huo uliwataka wanaume tu. Waliwekwa kambini na kulishwa na wapishi wa tajiri. Moja kati ya malalamiko yao makubwa ilikuwa chakula: mkate mweupe na nyama baridi fasi ya maharagwe na tortiya. Hapo walitambua, kwa kumkosa, kazi aliyokuwa anafanya mama.

Wasomaji wa Katanga watatambua jambo hili. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, nayo ilianza na wanaume peke yao kambini, na unga wa mahindi mwingi uliotoka Rhodesia. Ni tangu mwisho wa miaka ya 1920 ndipo ilipotaka wafanyakazi wakae na wake zao. Wamama wa Kasai, wa Maniema na wa Ruanda-Urundi walikutana mbele ya mizani moja ya posho, na bukari ikawa chakula cha wote. Hakuna mzee wa kabila aliyekata shauri hilo. Ni mizani iliyokata.

Turudi Marekani. Wamama Wameksiko waliingia kwa wingi vijijini hasa baada ya sheria ya 1986, iliyowapa karatasi watu karibu milioni 2.7. Zamani mwanaume alikwenda wakati wa mavuno na kurudi kwao. Sasa mpaka ulianza kulindwa kwa nguvu, kwenda na kurudi kukawa kugumu, basi aliyepata karatasi akakaa na kuita mke na watoto. Mwaka wa 1994 mkataba wa biashara kati ya Marekani, Kanada na Meksiko ulianza kazi, na mahindi ya Marekani ya bei ya chini yakaingia Meksiko. Mkulima mdogo hakuweza kushindana. Mahindi yakateremka kusini, na watoto wa mkulima wakapanda kaskazini.

3. Mkono wa kwanza: mwalimu

Mbele ya kutaja kiwanda na duka, inatupasa sisi walimu tusome ukurasa wetu. Mwaka wa 1915 California ilipitisha sheria ya kuruhusu shule zitume walimu mpaka nyumbani kwa wahamiaji ili wawafundishe wamama Kiingereza, usafi na upishi. Walioongoza kazi hiyo waliona kwamba mume anashinda kazini, hashikiki. Mke yuko nyumbani, na yeye ndiye analea. Ukimbadilisha yeye, umebadilisha kizazi.

Mwaka wa 1929 Pearl Ellis, mwalimu wa huko California, alitoa kitabu juu ya kuwafanya wasichana Wameksiko wawe Wamarekani kwa njia ya kazi za nyumbani. Mawazo yake juu ya chakula yalikwenda mbali: mtoto anayefika shuleni na tortiya iliyokunjwa bila kitu ndani anaweza kuiba chakula cha wenzake, na kutoka hapo ataingia katika maisha ya uhalifu. Wasichana walifundishwa kupenda mkate na majani ya saladi fasi ya tortiya na maharagwe. Leo madaktari wanasifu maharagwe, na kusema mkate mweupe uliwe kwa kiasi.

Tusiseme walimu wale walikuwa na roho mbaya wote. Wengi waliona umaskini kweli, na walitaka kusaidia. Lakini waliona sahani, hawakuona mshahara. Tortiya haikuwa tupu kwa sababu mama hakujua kupika. Ilikuwa tupu kwa sababu baba alilipwa kidogo. Na sisi tulikuwa na foyer social zetu wakati wa Wabeleji, ambako wamama walifundishwa kushona, kulea watoto na kupika kwa mtindo wa bibi wa Kizungu. Kuna waliopata faida huko, na wanasema hivyo mpaka leo. Lakini nani aliwauliza wao wanajua nini?

4. Mkono wa pili: saa ya kiwanda na njia ya duka

Tangu miaka ya 1980 makampuni ya nyama ya Marekani yalihamisha viwanda vyao kutoka miji mikubwa kwenda vijijini, karibu na ng'ombe na mbali na vyama vya wafanyakazi. Mji mdogo wa Lexington, katika Nebraska, ni mfano mzuri. Kiwanda kilifunguliwa huko mwaka wa 1990. Mwaka huo mji ulikuwa na watu 6,601. Mwaka wa 2000 walikuwa 10,011, na zaidi ya nusu yao walikuwa Walatino. Baadaye walifika Wasomali. Na tangu miaka ya 2010, ndugu zetu Wakongomani waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wameingia nao katika viwanda vya nyama vya namna hiyo, wakisema Kiswahili mbele ya mizoga.

Kazi ya kiwanda ni ya zamu. Baba anaweza kuingia asubuhi na mama jioni, ili mmoja awe na watoto. Wanapishana mlangoni. Mama ameshinda katika baridi akikata nyama kwa kisu, mkendo uleule mara maelfu, na vidole vimevimba. Mwambie mama huyo alaze mahindi ndani ya chokaa, aamke ayaoshe, ayasage! Atanunua tortiya za paketi, na akichoka zaidi atanunua piza. Siyo kwamba amesahau. Mkono umekataa.

Halafu kuna duka. Kijijini Marekani bila gari hufiki popote. Soko lenye mboga mbichi linaweza kuwa mbali, na mama wengi hawaendeshi. Kilicho karibu ni kituo cha mafuta ya gari, chenye soda, viazi vya kukaanga na peremende. Wanaovuna nyanya, zabibu na saladi za nchi nzima ndio mara nyingi wanashindwa kuzinunua. Wavunaji wa zabibu wa Delano, California, walipogoma kuanzia 1965 mpaka 1970, jambo hilo la mshahara njo lilikuwa moyo wa ugomvi.

Tuseme lakini kwamba wahamiaji hawakukaa kungoja. Katika miji midogo mingi walifungua maduka yao, ambako unapata unga wa nishtamali, pilipili kavu za kila namna, jibini mbichi na nyama iliyokatwa kwa namna ya kwao. Barabara kuu za miji iliyokuwa inakufa zikapata uhai. Ila duka hilo nalo linategemea kiwanda. Mwezi wa Novemba 2025 kampuni ya Tyson, yenye kiwanda kile cha Lexington, ilitangaza kwamba itakifunga mwanzoni mwa 2026. Wafanyakazi karibu 3,200 waliguswa, katika mji wa watu karibu 11,000. Chungu ambacho mshahara mmoja ulikibadilisha, kukosa mshahara huo kutakibadilisha tena.

5. Mkono wa tatu: mtoto

Wazazi wengi wanafikiri kwamba wao ndio wanalisha watoto. Kwa mhamiaji ni pande mbili. Tangu sheria ya 1946 shule za Marekani zinatoa chakula cha mchana kwa msaada wa serikali. Mtoto wa mhamiaji anakula huko maziwa baridi, piza, nyama ya kuku ya kukaanga. Akirudi, anadai chakula hicho nyumbani. Tena yeye ndiye anayejua Kiingereza: dukani anasoma maandishi kwenye paketi, anamtafsiria mama, na katika kutafsiri anachagua.

Iko pia haya. Walatino wengi waliokulia Marekani wameeleza namna walivyoficha tortiya na maharagwe ndani ya mfuko, wakala wamegeuka ukutani, kwa kuogopa kuchekwa na wenzao wenye mkate mweupe. Mtoto aliyechekwa shuleni hamwambii mama kila kitu. Anasema tu: sitaki hii tena. Mama naye, aliyevuka jangwa juu ya mtoto huyu, atamkatalia namna gani?

Kwa hiyo wengine wanapika vyungu viwili. Kimoja cha watoto, kimoja cha baba anayedai tortiya ya moto na maharagwe sawa vile kwa mama yake. Hapa tuwe wakweli: mwanaume anayelinda mila kwa mdomo anailinda kwa mgongo wa mke wake. Mke huyohuyo ametoka kiwandani saa ileile na yeye.

6. Mkono wa nne: kikapu cha serikali

Marekani wana mpango unaoitwa WIC, ulioanza kwa kujaribiwa mwaka wa 1972 na kuthibitishwa 1975. Unasaidia wamama wenye mimba, wanaonyonyesha, na watoto wasiofika miaka mitano, katika familia maskini. Mama anapewa karatasi, siku hizi kadi, ya kuchukulia dukani chakula kilichoandikwa kwenye orodha. Mpango huu umesaidia watoto wengi, na wamama wahamiaji wameutumia sana.

Lakini orodha ni mwalimu asiyesema. Kwa miaka zaidi ya 30 ilikuwa na maziwa mengi, jibini, mayai, juisi ya matunda, nafaka za paketi, maharagwe ama siagi ya karanga, na maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Mama aliyetoka kijiji ambako mtu mzima hanywi maziwa alirudi nyumbani na magaloni ya maziwa. Wengi hata tumbo lao haliyawezi. Aliyezoea kula chungwa alipewa juisi yake. Tena uchunguzi umeonyesha kwamba kadiri mama mhamiaji anavyokaa miaka mingi Marekani, ndivyo kunyonyesha kunavyopungua. Saa za kazi zina sehemu katika hilo, na maziwa ya kopo ya bure hayakusaidia.

Mwaka wa 2005 wajuzi walioombwa na serikali walitoa ripoti, na kufikia Oktoba 2009 orodha ilibadilishwa. Mboga na matunda yakaingia, juisi na maziwa vikapunguzwa, na kwa mara ya kwanza mama aliweza kuchagua tortiya ya mahindi fasi ya mkate. Miaka 80 baada ya kitabu cha Pearl Ellis, tortiya iliyoitwa mlango wa uhalifu iliandikwa na serikali katika orodha ya vyakula vyema kwa mtoto!

Lakini mkono unaotoa unaweza kutisha pia. Mwaka wa 1996 sheria iliwatoa wahamiaji wengi, hata wenye karatasi halali, katika msaada mkubwa wa chakula. Watoto walirudishwa baadaye kwa sheria za 1998 na 2002. Kati ya Februari 2020 na Machi 2021 ilitumika kanuni iliyoweza kumnyima mhamiaji karatasi za kukaa kwa sababu ya kupokea misaada fulani. WIC haikuwa ndani ya misaada hiyo, lakini woga hausomi kanuni: kuna familia zilizojiondoa zenyewe.

7. Kilichobaki

Sasa tuulize: baada ya mikono hiyo minne, mama amebaki na nini? Amebaki na mengi.

Amebaki na siku 40 za mzazi. Baada ya kuzaa, mama wa Kimeksiko anapumzika siku 40, analishwa supu ya kuku na uji wa mahindi, anakatazwa vyakula vinavyohesabiwa kuwa baridi. Mahali ambako mama mkwe, dada ama jirani wa kwao yupo, desturi hiyo inashikwa hata katikati ya theluji ya Nebraska. Mahali ambako hakuna mwanamke mwingine, inakufa, kwa sababu mzazi hawezi kujilisha mwenyewe.

Amebaki na tamale, unga wa nishtamali uliotiwa nyama, ukafungwa ndani ya maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Kwa macho ni ndugu ya chikwange yetu. Hakuna anayezipika peke yake. Karibu na Noeli wamama wanakusanyika, mmoja anapaka, mmoja anajaza, mmoja anafunga, na habari zote za kijiji zinapita juu ya meza. Angalia: kilichoshika zaidi ni kile kinachofanywa pamoja.

Amebaki na jicho la kutambua majani. Kwao wanachuma kelite, mboga zinazojiotesha kandokando ya mahindi, na moja kati yake ni jamaa ya lengalenga yetu. Mkulima wa Kimarekani anaziita magugu na kuzimwagia dawa. Mama akizikuta katika bustani isiyo na dawa, amepata mboga ya bure iliyo bora kuliko nyingi za dukani.

Na faida ya yote hiyo inaonekana katika hesabu za afya. Tangu mwaka wa 1986 wanasayansi wa Marekani wanaizungumza kama kitendawili: wahamiaji Wameksiko ni maskini, wengi hawana bima, lakini watoto wao wachanga wanazaliwa na uzito mzuri na kuishi kuliko vile umaskini wao ungefanya mtu kutazamia. Sababu ni nyingi, na wajuzi hawakubaliani juu ya zote. Chakula na msaada wa jamaa vinatajwa mara nyingi. Cha kusikitisha ni kwamba faida hiyo inapungua kwa binti na kwa mjukuu aliyezaliwa Marekani, ambao wanapata pesa zaidi, lakini wanakula maharagwe machache na sukari nyingi, na kisukari kinawafuata.

Mwisho

Mwacha mila ni mtumwa, sawa. Lakini historia hii inatufundisha kuuliza kwanza: aliacha, ama alinyang'anywa? Mwalimu alimfundisha haya, kiwanda kilichukua saa zake, shule ilimgeuzia mtoto, serikali ilimwandikia orodha. Kati ya wote hao, hakuna aliyeitwa mezani kujibu. Ni mama peke yake aliyeulizwa.

Kwetu pia vyungu vinabadilika. Vita vimewatoa watu mashambani na kuwaweka kambini, ambako mama wa Kivu anapika alichopewa. Machimbo yamewavuta wengine mpaka Kolwezi. Anayekula bukari pamoja na sombe, samaki, karanga na maharagwe hana hofu kubwa. Lakini katika nyumba nyingi siku hizi kinabaki paka bukari na mafuta kidogo, na tumeona juu mahindi matupu yalifanya nini kwa maskini wa nchi nyingine.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, sisi tunaokusanya mila tusiandike tu majina ya vyakula. Tuandike namna ya kuvitengeneza: siku ngapi mihogo inalala majini, majani gani yanachanganywa na gani, mzazi anapewa nini na nani anampikia. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa bibi zao katika likizo moja, mbele bibi hawajaondoka. La pili, anayetaka mila irudi mezani alete saa pamoja na lawama. Achote maji, atwange, abebe mtoto wakati mama anasonga. Wamama wa Nebraska wameonyesha kwamba kazi ya mikono mingi inadumu, hata mbali na kwao. Ile ya mikono miwili inachoka.